Gala, Posho na Likelemba: namna familia za Katanga zilivyojipanga juu ya kesho

Katika nyumba zetu za Lubumbashi, Likasi, Kipushi na Kolwezi kuna swali ambalo halikosi kila mwezi: «Makuta imeisha namna gani?» Baba anamuuliza mama, mama anamuuliza baba, na watoto wanasikiliza. Mara nyingi swali hili linazaa ugomvi. Sisi tunaandika kurasa hizi sababu tumeona kwamba swali lenyewe si la leo, liko na historia yake. Wazee wetu wa kijiji walilijibu kwa akili yao. Kisha kampani ikaja, ikalijibu kwa nafasi yetu. Na kampani ilipoanguka, mama zetu walipaswa kulijibu upya, mikono mitupu. Mtu anayeijua njia hiyo yote ataelewa juu ya nini wastaafu wengi wa kwetu waliteseka, na ataweza kujilinda asiingie katika shimo lilelile.

1. Gala ya mama na misalaba ya shaba

Mbele ya reli na mbele ya franka, familia ya kijiji iliishi kwa kufuata mvua. Kwetu mvua inaanza mwezi wa kumi hivi na kukatika mwezi wa nne. Mavuno makubwa ni mara moja tu kwa mwaka. Kwa hiyo chakula cha miezi kumi na miwili kilipaswa kutoka katika jasho la miezi michache. Hapo njo hesabu ya nyumba ilianzia, hata kama hakuna aliyejua kuandika tarakimu.

Masaka, ulezi na mahindi viliingia ndani ya gala, ile wengine wanaita butala, iliyosimamishwa juu ya miguu ya miti ili unyevu na panya visifike. Mwanamke njo alikuwa na mamlaka juu ya gala. Alipima kwa kikapu, na katika akili yake mavuno yalikuwa na sehemu tatu. Ya kwanza ilikuwa chakula cha kila siku. Ya pili ilikuwa mbegu, na hiyo haikuguswa hata njaa ikipiga hodi, kwani anayekula mbegu anakula mwaka unaokuja. Ya tatu ilikuwa ya watu: wageni, kilio, ndoa, na pombe ya kuwaita majirani waje kulima pamoja.

Mali ambayo haikuweza kuoza ilikuwa shaba. Wafuaji wa zamani waliyeyusha mawe ya kijani ya Katanga na kumimina misalaba ya shaba. Misalaba hiyo ilikwenda mbali kwa biashara, ililipa mahari, ilimaliza kesi. Katika makaburi ya Sanga, karibu na ziwa Kisale, wachimbaji wa mambo ya kale waliikuta imelazwa pamoja na wafu. Kwa hiyo hata zamani watu walijua kutenganisha vitu viwili: kile cha kula na kile cha kuweka.

Na mzee ambaye nguvu zimemuishia? Yeye aliishi kwa watu. Watoto wake, wakwe zake na wapwa wake walilima kwa ajili yake, kwa sababu yeye mwenyewe alipokuwa na nguvu alikuwa amewalimia wengine. Ile sehemu ya tatu ya gala, ile ya watu, ilikuwa pensheni yake.

2. Kampani inashika kibaba

Union Minière du Haut-Katanga ilizaliwa tarehe 28 mwezi wa kumi 1906. Reli ilifika Elisabethville mwaka 1910, na mwaka 1911 shaba ya kwanza ilitoka katika tanuru la Lubumbashi. Katika miaka ya kwanza kampani ilitaka wanaume peke yao, kwa miezi michache. Walikuja kwa kulazimishwa au kwa kutafuta makuta ya kodi. Wengi waliugua, wengi walikufa, na wengi walitoroka. Ilipoona hasara hiyo, kampani ilibadili njia kuelekea mwisho wa miaka ya 1920. Mtu alipewa kontra ya miaka mitatu, akaruhusiwa kuleta mke na watoto, na kambi zikajengwa: nyumba, hospitali, masomo, na posho.

Wasomaji wetu wenye mvi wanaikumbuka posho. Unga, maharagwe, karanga, mafuta ya mawese, chumvi, nyama au samaki. Ilipimwa kwa kufuata vinywa: sehemu ya mwanaume, sehemu ya mke, sehemu ya kila mtoto. Hatutaki kuidharau. Watoto wengi waliishi juu ya posho hiyo na hospitali hiyo, na sisi wenyewe tunaoandika ni wajukuu wa kambi. Lakini tuangalie vizuri kitu gani kilitokea. Kibaba kilitoka katika mkono wa mama kikaingia katika mkono wa kampani. Ni kampani iliyopima, ni kampani iliyojua wiki itafika lini. Mama alipelekwa fwaye kujifunza kushona na kupika, na biashara yake haikutazamwa kwa macho mazuri. Gala haikuwa na kazi tena, na ile akili ya sehemu tatu ilianza kulala usingizi.

Tena posho ilihesabiwa kuwa sehemu ya malipo, hivyo franka mkononi zilikuwa chache. Wakati wa vita kuu ya pili bei za vitu zilipanda, mshahara ukabaki palepale. Mwezi wa kumi na mbili 1941 wafanyakazi wakagoma, na tarehe 9 askari wakawapiga risasi Elisabethville, katika uwanja wa mupira. Leonard Mpoyi, aliyesema kwa ajili ya wenzake, ni mmoja wa waliokufa pale. Watu hao walikufa juu ya hesabu ya nyumba: mshahara huu unanunua nini?

Baada ya vita kampani na serikali ziliongeza mambo. Mwaka 1950 kulianzishwa banki ya akiba, Caisse d'Épargne, ambayo siku hizi tunaiita CADECO. Mwaka 1961 ikazaliwa INSS juu ya pensheni. Hivyo mtu alizaliwa katika hospitali ya kampani, akasomea kwa kampani, akafanya kazi kwa kampani, na akazikwa kwa sanduku la kampani. Watu walizoea kusema: «Kazi njo baba, kazi njo mama.» Nani basi atawaza juu ya mbegu, kama baba yuko?

Tusisahau kwamba si wote walikuwa na baba huyo. Maboyi na wapishi wa nyumba za wazungu hawakuwa na kambi wala hospitali ya namna ile. Mwaka 1965 chama cha watumishi wa zamani wa Elisabethville kilitoa kitabu kidogo, Vocabulaire de ville de Elisabethville, kilichoandikwa na André Yav kwa Kiswahili cha kwetu. Ndani yake wanasimulia mji tangu mwanzo wake, na maisha yao kwa mabwana zao. Ni moja ya maandiko ya kwanza ambamo wazee wa kazi wa mji huu walijiandikia historia yao wao wenyewe.

3. Miaka ambayo akiba iligeuka majani

Mwaka 1967 kampani ikawa ya taifa, na baadaye ikaitwa Gécamines. Mwaka huohuo makuta mapya yakatoka, zaire. Zaire moja ilichukua nafasi ya franka 1,000, na ilikuwa na bei ya dola mbili za Marekani. Mtu aliyeweka zaire 500 alikuwa na dola 1,000. Alijiona tajiri, na ni kweli alikuwa tajiri.

Tuendelee na hesabu. Mwezi wa kumi na mbili 1979, siku za Noeli, serikali ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na za zaire 10 zimekufa. Siku za kubadilisha zilikuwa chache, na kiasi cha kubadilisha kilikuwa na mpaka. Wale waliokuwa wameficha akiba chini ya godoro au ndani ya mtungi walibaki na karatasi. Mwaka 1993 ikaja zaire mpya: moja kwa zaire za zamani milioni tatu. Mwaka 1998 ikarudi franka: moja kwa zaire mpya 100,000. Piga mahesabu mwenyewe: ili kupata franka moja ya 1998 ulihitaji zaire za 1967 bilioni 300. Ile akiba ya zaire 500 haikuweza kununua hata njiti moja ya kiberiti.

Hatusemi haya ili kuchekesha. Tunayasema sababu wako watu ambao hata leo wanawalaumu wazazi wao: «Baba alifanya kazi miaka thelathini, hakuweka kitu.» Wengi waliweka. Waliweka katika chombo kilichotoboka.

Na kampani yenyewe ilitoboka vilevile. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Mwezi wa tisa 1990 mgodi wa Kamoto, kule Kolwezi, ukaporomoka. Ukaja uporaji wa 1991, yakaja mateso ya 1992 na 1993 ambapo ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa, wakaacha nyumba na kazi ya maisha yao nyuma. Mwaka 1994 shaba ilikuwa karibu tani 30,000 tu. Mshahara ukaanza kuchelewa wiki, kisha miezi. Mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alikipa kitabu chake cha 2001 jina linalosema yote: Bana Shaba abandonnés par leur père, ni kusema wana wa Shaba walioachwa na baba yao.

4. Mama zetu wanashika kibaba tena

Katika giza lile, nani aliwasha taa? Ni wale ambao kampani iliwaambia wakae nyumbani. Mama zetu waliingia porini kando ya mji, wakafyeka, wakapanda mahindi na mihogo. Waliuza makala, samaki, mandazi, mafuta ya taa kwa chupa ndogo. Waliweka meza mbele ya nyumba. Wanaume wengi waliona haya mwanzoni. Haya hiyo iliisha siku bukari ilipofika mezani.

Na wakakamata nguvu ya likelemba, ambayo ndugu zetu wa Kivu wanaiita likirimba. Wasomaji wanajua namna inavyotembea, lakini tuipige hesabu. Wanawake kumi wanapatana kutoa kila mmoja franka 10,000 kila Jumamosi. Kila Jumamosi mmoja anabeba 100,000. Baada ya wiki kumi kila mtu amebeba mara moja. Hakuna faida hata franka moja; aliyetoa 100,000 amepata 100,000. Juu ya nini basi watu wanaipenda? Kwa sababu 10,000 ikibaki nyumbani inaliwa, lakini 100,000 ikija kwa mara moja inanunua gunia la unga, au mabati, au inalipa masomo. Likelemba haizai makuta. Inayalinda yasituponyoke, na inatulazimisha kwa haya ya wenzetu kufanya kile ambacho peke yetu hatukiwezi.

Ina udhaifu wake. Makuta yakianguka bei, wa mwisho anapata kidogo kuliko wa kwanza. Hivyo katika miaka ya zaire wako walioacha kuwekeana noti, wakawekeana vitu: kitambaa, sahani, unga. Tena likelemba inasimama juu ya kuaminiana. Mmoja akibeba na kutoroka, yote imevunjika. Kwa hiyo mama zetu hawakuchukua mtu wasiyejua anakolala. Tofauti na hayo, Kinshasa mwaka 1990 na 1991 watu walikimbilia michezo ya makuta kama Bindo, iliyoahidi kurudisha makuta mara nyingi kwa siku chache. Ilipoanguka mwaka 1991, wengi walilia. Likelemba haikuahidi kitu zaidi ya kile ulichotoa, na ndiyo maana ingali hai.

5. Solde ya 2003

Mwaka 2003, kwa msaada wa Banki ya Dunia, Gécamines iliwaomba wafanyakazi wa zamani waondoke «kwa kupenda». Zaidi ya watu 10,000 waliondoka. Dola milioni 43 hivi ziligawanywa, ni kusema karibu dola 4,000 kwa mtu ukigawa sawasawa, ingawa wengine walipata kidogo zaidi na wengine mengi. Wengi waliona haki yao imekatwa, na madai hayo yaliendelea miaka mingi.

Sisi tulikuwa hapa, tuliona. Mtu aliyekaa miezi mingi bila mshahara alipokea kwa siku moja makuta ambayo hajapata kuyashika. Madeni yalikuwa yakimngoja mlangoni. Ndugu walifika kutoka mbali. Watoto walikuwa nje ya masomo. Wengine walinunua gari la zamani la kubeba watu, na injini ikafa mbele ya mwaka kuisha. Wengine walifungua duka, wakala mali ya duka. Tusiwacheke. Watu hao walikuwa wamefundishwa maisha yao yote kwamba posho itafika wiki ijayo, kisha siku moja wakapewa mavuno yote kwa mara moja, bila gala.

Lakini wako waliosimama. Tukiwatazama, tunaona karibu wote wanafanana kwa jambo moja: katika nyumba yao mama alikuwa tayari na shamba au meza kabla solde haijafika, na makuta yaliingia katika kazi iliyokuwa ikitembea.

6. Tunachukua nini?

Kwanza, turudi katika sehemu tatu za gala. Siku makuta yanapoingia, siku ileile, yagawanywe: chakula, mbegu, watu. Si mwisho wa mwezi, sababu mwisho wa mwezi hakuna kinachobaki cha kugawa. Mbegu hata ikiwa ndogo, iwe kitu cha kwanza kutoka mkononi. Na chakula kinunuliwe wakati wake: unga unashuka bei baada ya mavuno, mwezi wa tano na wa sita, na unapanda wakati wa mvua. Gunia mbili za mahindi zilizowekwa vizuri mwezi wa sita ni mshahara wa pili mwezi wa kwanza.

Pili, mume na mke wahesabu pamoja. Desturi ya kumficha mama karatasi ya mshahara ni desturi ya kambi. Wazee wa kijiji hawakuijua, kwani gala ilikuwa wazi mbele ya wote wawili.

Tatu, akiba ya siku nyingi isikae katika chombo kimoja. Historia ya zaire imetufundisha. Makuta kidogo ya ugonjwa yawe karibu. Yanayobaki yageuke tofali, mabati, kiwanja chenye karatasi halali, shamba, chombo cha kazi. Nyumba nyingi za mji huu zilijengwa tofali kwa tofali, kwa udongo wa kichuguu uliochomwa, miaka kumi au zaidi. Huo si umaskini, ni akiba isiyoliwa na noti mpya.

Nne, yule anayefanya kazi yenye mshahara afuatilie pensheni yake akiwa angali na nguvu. INSS imekuwa CNSS tangu 2018, na umri wa pensheni ni miaka 60. Mfanyakazi anakatwa asilimia 5 na mwenye kazi anatoa 13. Lakini kukatwa ni kitu kimoja, na kuandikwa ni kingine. Mtu aende kuuliza akiwa na miaka 45 au 50 kama jina lake liko, kama limeandikwa sawasawa, kama miaka yake yote inaonekana. Karatasi za mshahara zisifungiwe karanga. Tumeona wazee wenye miaka thelathini ya kazi wakitafuta karatasi moja, na aliyeweza kuitoa amekwisha kufa.

Tano, ndoa iandikwe kwenye serikali. Ndoa ya mahari ni ndoa, lakini siku baba anapokufa, mjane asiye na karatasi anateseka mbele ya ndugu wa mume na mbele ya ofisi ya pensheni. Sheria ya jamaa ya 1987 imewapa watoto robo tatu za mali ya marehemu. Ndugu wanaokuja na gari siku ya tatu ya kilio kubeba vitanda hawana sheria upande wao.

Sita, anayepokea solde aikalie kwanza. Asianze katika uzee kazi ambayo hakuijaribu katika ujana. Alipe deni la riba mbele ya yote, sababu bank lambert ya kartie inakula usiku na mchana. Na ile sehemu ya watu asiifute, bali aipe mpaka: ajue mwanzoni ni kiasi gani cha kilio na cha ndugu, na kikiisha aseme kimeisha. Kufuta sehemu hiyo ni kujifukuza katika watu, na mzee bila watu hata pensheni haimtoshi.

Mwisho

Tunaomba kila familia inayosoma kurasa hizi ifanye jambo moja dogo. Watoto wakae na mzee wa nyumba, baba au mama, wamuulize: mshahara wa kwanza ulikuwa ngapi, ulinunua nini, posho ilikuwa namna gani, mwaka 1979 mlipoteza nini, mwaka 2003 mlifanya nini? Waandike katika daftari. Wamuulize mama zaidi, kwani mara nyingi yeye njo anajua kila kitu kilikwenda wapi. Kisha katika daftari hilohilo, ukurasa unaofuata, waandike sehemu tatu za mwezi huu.